Ta ya Sita

Siondoki mpaka nisikie ta sita.
Ukungu wa Uyole umelalia kioo,
Noah inanuka viazi vya jana
na sweta zisizokauka.

Ta: Gwantwa.
Ta: Subilaga, anajifunga huku anatafuna andazi.
Mapacha wamegombea dirisha, wamenuniana,
ta, ta.
Ipyana na kiti chake kidogo
nimemkaza mwenyewe,
vidole viwili kati ya mkanda na shingo.
Ta.

Nangoja.

Huko mbele Mlima Nyoka,
malori yanashuka yakinuka breki.
Nangoja tu, mkono kwenye gia.

"Mama, Lusekelo si yuko bweni?"

Kumbe. Tangu Jumapili.

Nageuka, nanyoosha mkono,
nafunga kiti kitupu.

Ta.

Haya, twendeni.