Lita Ishirini

Nyuma ya bili ya stima, usiku wa Januari,
Musyimi anachora barabara ya Magadi:
mstari mmoja, Kiserian, kona, mteremko,
halafu nukta. "Olorgesailie," anasema,
kwa sauti ya mtu aliyekwisha fika.
Hajafika. Huu ni mwaka wa tatu tunapanga.

Mwaka wa kwanza gari lilikuwa la Nyaboke,
na Nyaboke akapata harusi.
Mwaka wa pili tulifika Rongai,
rejeta ikachemka, tukala mayai yetu
kwenye kituo cha mafuta, tukiwatazama watu
wakioshewa magari.
Kavindu akauliza kama hili ndilo jangwa.

Safari hii hatukosei. Nyaboke kaapa hana harusi.
Kutoka saa kumi na nusu, kabla jua halijatia nia,
maana saa saba kule, nasikia,
hata kivuli hujificha chini ya mwenyewe.
Mayai kumi na mawili. Viazi vitamu. Chumvi kwenye karatasi.
Kofia ya mtoto, ile ya shule, ukingo umeng'oka lakini ipo.
Pesa ya langoni kando, ya mafuta kando,
na ya askari tusiyempangia, kando kabisa.
Maji lita ishirini: kumi za watu,
kumi za gari, kwa kuwa nalo lina koo.

Shangazi Nzilani, aliyekuja mjini kutibiwa macho,
anasikiliza kutoka kochini, shuka magotini.
"Mnalipa," anauliza, "kwenda kuona ukame?"
Tunanyamaza.
"Mngeniambia. Kwetu Mutitu ningewaonyesha bure.
Mto mzima wa mchanga, na hakuna anayekata tiketi."
Anacheka mpaka dawa ya macho inamtiririka.
Musyimi anamweleza habari za mashoka ya mawe,
ya watu wa zamani sana, yametapakaa chini
kana kwamba waliyaweka, wakaenda kunywa maji
mara moja.
Shangazi anaacha kucheka.
"Na maji waliyapata?"
Hakuna kati yetu anayejua.

Alhamisi ndiyo siku yetu ya mgao.
Mfereji ulikohoa mara mbili, ukanyamaza.
Ijumaa haukukohoa.
Muuza maji akapandisha mtungi, ishirini hadi sitini,
na mkokoteni wake ukawa na foleni kama ya benki.
Jumamosi choo kilitaka, sufuria zilitaka,
macho ya shangazi yalitaka kuoshwa mara nne kwa siku.
Na pale nyuma ya mlango, mtungi wa njano,
Kavindu ameuandika kwa kalamu nene:
MAJI YA JANGWANI. USIGUSE.

Tuligusa.
Kikombe kwanza, kwa aibu, kama wezi.
Kisha bakuli. Kisha hatukuhesabu.
Usiku Musyimi aliuinamisha mtungi kwenye taa
akausikiliza, hakusema kitu,
akaikunja bili mara nne, akaitia chini ya sahani.
Tulipanga kwenda jangwani;
jangwa likaona tunachelewa, likatangulia kuja.

Saa kumi na nusu simu ikalia. Hakuna aliyekuwa ameizima.
Nikasikia kishindo jikoni, nikadhani paka.
Ni shangazi, amevaa viatu,
anamenya mayai gizani kwa vidole vinavyoona.
"Jana niliosha jicho moja tu," akasema.
"Zimebaki lita nne. Mengine tutanunua Kiserian,
kwani Kiserian nao hawanywi?"
Nikamwambia kule ni joto, ni mawe matupu,
na daktari amesema apumzike.
Akafunga mayai kwenye leso, fundo moja, fundo la pili.
"Nipeleke nikayaone," akasema.
"Mtu haachi shoka lake hivi hivi."