Ngazi za Kadutu

Kutoka kitandani hadi mlangoni: hatua sita.
Ya saba ni kikapu cha makaa.
Huu mwezi wa tatu chuo kimefungwa;
kitabu cha anatomia nimekifungua ukurasa wa moyo,
sijaugeuza tangu Jumanne.

Zamani nilizilaani ngazi hizi.
Mia moja arobaini na tatu, nikizihesabu nahema,
tope la mvua likinivua kiatu,
na wenzangu wa Muhumba wakifika darasani viatu vikavu.

Sasa naamka saa kumi na moja, kabla mawazo hayajaamka,
nachukua bidoni, nashuka bombani,
napanda. Magoti yanalalamika, nayaacha yaseme.
Kifuani kitu kinagonga:
kumbe ukurasa ule ulikuwa na sauti.

Pipa letu likijaa, najaza la Mama Nsimire.
Lake likijaa, najaza la fundi Cirhuza,
ambaye hata kuoga haogi sana.

"Mtoto mwema," wanasema nyuma ya barakoa za kitenge.
Nanyamaza. Nitawaambiaje
kwamba usiku dari hushuka, bati kwa bati,
na ni uchovu tu unaoizuia?

Jana Balola wa darasa letu aliandika kutoka Panzi:
halali, chakula hakipiti, hataki kuona mtu.
Sikujua la kumwambia.
Nikamuuliza: hapo kwenu, nani hana maji?

Leo alfajiri simu imelia.
Hakusalimu. Nilisikia pumzi tu,
nzito, ya mtu aliye mlimani,
na bidoni ikigonga jiwe.