Semkiwa, Shemkiwa

Cheti cha kuzaliwa kinasema Semkiwa.
Cheti cha kidato cha nne kinasema Shemkiwa.
Imezidi herufi moja.
Ukiiandika kubwa, kama fomu inavyoagiza,
ni ngazi yenye kidato kimoja tu,
nami nimeshapanda vitano, nimesimama cha sita,
na hiyo ndiyo iliyonikwamisha.

Tuliipata darasa la kwanza, Chumbageni.
Mwalimu Kaniki, mtu wa Soni,
alisikia jina la baba kwa sikio la milimani
akatuandika Wasambaa, palepale, kwa kalamu ya bluu,
sisi Wabondei wa Muheza tangu enzi.
Baba alicheka mpaka akaegemea baiskeli.
"Mwache. Katuongezea, hakutupunguzia."

Mtandao wa mikopo hauna utani.
Unasema kwa maandishi mekundu: majina hayafanani.
Unauliza pia kama baba yangu yu hai.
Nikaweka alama kwenye hapana,
nikatakiwa kuthibitisha, nikalipia kwa simu ya mama,
na ujumbe ukaja, na adabu zake:
Malipo yako yamefanikiwa.

Mama, mdhamini wangu, alitoka korona moja kwa moja,
singa za mkonge zimeng'ang'ania mtandio.
Kipato kwa mwezi? nikamsomea.
"Andika kile ambacho hawatatucheka."
Ni kipi hicho?
Akafikiri.
"Basi andika cha kweli,
watucheke kwa haki."

Kisha insha, ya ufadhili wa nje:
eleza kikwazo ulichokishinda, maneno mia tano.
Nimeiandika mara nne, nyuma ya mazoezi ya fizikia,
kipande cha mkate wa Ajemi pembeni, chai imepoa.
Katika ya kwanza baba alikufa sentensi ya kwanza.
Katika ya pili nikamsogeza aya ya tatu;
Mwajabu alisema msomaji amzoee kidogo kwanza.
Katika ya tatu nilimfukarisha.
Nikamnyang'anya redio. Nikaezua bati, nikaezeka makuti.
Baiskeli yake, ile Foniksi aliyoisugua
kila Ijumaa kwa kitambaa cha kanzu kuukuu,
niliifuta kwa mstari mmoja
ili watu nisiowajua, katika nchi nisiyoijua,
wanionee huruma.
Nikaenda kulala. Sikulala.

Ya nne, alfajiri, nilimrudishia baiskeli.
Nikamrudishia na kengele yake, iliyokuwa bovu,
na mluzi aliopiga badala ya kengele
akikata kona ya Barabara ya Nane,
kuku wakitawanyika.
Yakawa maneno mia tano na thelathini.
Nikakata thelathini, yale yaliyonisifu mimi.

Jumatatu tukapanda ghorofani kwa wakili.
Alipiga chapa huku akitafuna korosho:
Mimi, Mwanaidi Semkiwa, ambaye pia hujulikana kama Shemkiwa,
naapa kwamba hao wawili ni mtu mmoja.
Nikaapa. Elfu kumi na tano, pamoja na muhuri.
Kabla ya kuapa sikuwahi kuwa na shaka.

Tukirudi, penye mafundi baiskeli wa Ngamiani,
rimu zimetundikwa ukutani kama saa zisizo na mishale,
mama akasimama.
"Wakiita majina huko chuoni, utaitika lipi?"
"Litakaloitwa kwanza."
Akacheka. Akatafuta pa kuegemea,
akaona bega langu.

Dirisha la maombi linafungwa Ijumaa.
Picha za pasipoti bado.