Robo Nyuma

Tone la kwanza nililiona Jumanne,
jeusi, juu ya saruji ya baraza.
Nikalitegea kopo la maziwa ya unga
kama mtu anayekinga paa linalovuja
huku akimwambia mgeni: ni mvua tu, itapita.

Ijumaa kopo lilikuwa na vidole viwili vya oili.

Yamaha hii niliinunua kwenye mnada wa wilaya
mwaka ule walipotuondoa sote pamoja,
pikipiki na wachanjaji.
Kabla ya hapo niliiendesha miaka kumi na minne,
sanduku la barafu limefungwa nyuma kwa mpira,
Terego, Maracha, hadi karibu na mpaka wa Kongo,
watoto wakianza kulia
kabla sijazima injini.

Niliisukuma mpaka gereji ya Awindiri.
Fundi ni msichana, Candiru, miaka kumi na tisa,
ovaroli ya kaka yake imekunjwa mara tatu miguuni,
anatafuna muhogo wa kuchoma.
Akatandika katoni, akalala chali,
akaigusa boliti ya oili kwa vidole viwili.
Ikatoka. Haikufunguliwa, ilitoka,
kama jino la mtoto.

Akavua utepe wa fundi bomba,
chini ya utepe akakuta sabuni ya mche,
chini ya sabuni, nywele za alumini:
zile hesi zenyewe, za tumbo la injini,
zimejiviringa kama maganda ya penseli.

"Nani alikuwa akiikaza hii?"

Nikamtaja Ezati wa Koboko.
Ezati amekufa. Marehemu hakatai.

Candiru akawasha tochi ya simu, akanyamaza,
akapitisha ukucha kwenye mikwaruzo ya spana.
"Huyu mtu alilala upande huu, wa gia.
Na alivuta kwa mkono wa kushoto."

Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai.
Sikuweza kukihamisha.

Kila mwezi oili, kila oili kukaza,
na baada ya kukaza, kidogo tena,
kwa ajili ya barabara ya Rhino Camp;
na kidogo tena
kwa ajili ya chupa ndogo zinazogongana barafuni;
na baadaye, sanduku likiwa tupu,
hakuna kijiji kinachonisubiri,
kidogo tena, kwa hasira tu.
Boliti ni chuma, tumbo ni alumini. Nilijua.
Nilikuwa nakula chombo changu mwenyewe
nikidhani nakifunga.

Hakuniuliza zaidi. Akapanua tundu kwa keekee,
taratibu, asije akalipindisha,
kisha akaipaka tapu grisi
ili vumbi la madini linase humo,
lisipande kwenye gia.
"Nusu mbele, robo nyuma," akasema,
si kwangu, kwa mkono wake.
Nusu mbele: kriii.
Robo nyuma: tik.
Hiyo tik, nikaja kuelewa, ndiyo kazi;
kwenda mbele tu hujaza tundu takataka
mpaka tapu ivunjikie ndani,
na hapo uza pikipiki kwa kilo.

Jua lilihama kutoka tairi la mbele hadi la nyuma.
Akaosha tumbo kwa kikombe cha oili rahisi,
ikashuka na vimeta vimeta,
akaimwaga, akaosha tena, ikashuka safi.
Boliti mpya, nene kuliko ile,
pete ya shaba inayong'aa kama sarafu ya posa.

"Kaza wewe."

Nikaichukua spana kwa mkono wa kulia.

"Hapana. Ule ule."

Nikalala kwenye katoni yake, bado ina joto lake.
Nikavuta. Boliti ikaingia bila ugomvi,
ikakaa, pete ikabanwa,
na mkono, mkongwe huu, ukataka kidogo tena.

Kutoka pale chini niliona kandambili zake tu,
za samawati, moja imeshonwa kwa waya.
Hakusema acha.
Mkono ulikuwa ukimsubiri aseme.