Tangazo la Maji

Karatasi ya idara, asubuhi yanifika,
Ina muhuri na sura, ya nembo iliyochoka,
Tangazo la barabara, ukutani kubandika,
Neno moja lanikera, halitaki kugeuka.

Natafuta kwa taabu, kamusini na kichwani,
Usumbufu ndilo jibu, la kila siku kazini,
Limechakaa ajabu, kama noti mfukoni,
Neno moja lanikera, halitaki kugeuka.

Nikachukua kalamu, niandike vurugiko,
Mara simu, ile simu

Mizani ikanitoka hapo.
Alikuwa dada yangu Mwanasiti, kutoka Kisauni:
mama amekaa kitako jikoni, mkono mmoja haumsikii,
anaomba chumvi, ukimpa chumvi anairudisha,
anaomba chumvi tena, macho kwenye mtungi.

Nimekuwa mfasiri miaka kumi na tisa.
Nimetafsiri hati za mashamba, talaka, maelezo ya dawa ya mende.
Sikuwahi kumtafsiria mama yangu maji.

Lile neno la Kiingereza naujua ukoo wake.
Asili yake ni kuvunja, kupasua kitu kikabaki mbalimbali,
na ndugu zake wa tumbo moja ni hawa:
neno la kufilisika, neno la ufisadi,
neno la mlima kutapika moto,
na neno la kumkata mtu kauli hajamaliza.
Ukoo mzima hauna mtu mpole.

Lakini mwezi uliopita, katika hoteli moja ya Nyali,
kijana mmoja, viatu bila soksi,
alilitaja mara kumi na moja akitabasamu.
Disrapsheni! Kwake lilikuwa sifa:
kuingia katika soko la watu
na kuliacha wenyewe hawalitambui.
Mimi nilikuwa kibandani, vidude masikioni,
nikasema "mageuzi", kwa kuwa ndilo nililolipwa kusema.
Nyuma ya ukumbi, akipanga vikombe vya chai,
alikuwa Bwana Chengo, karani wa bandarini miaka ishirini na sita
hadi kompyuta ilipojifunza kuhesabu makasha.
Alinitazama kupitia kioo. Akacheka bila kufungua mdomo.

Jioni tukamketisha mama kwenye kochi.
Daktari alikuwa ametumia neno lilelile,
safari hii la njia za maongezi kichwani,
kisha akaomba radhi
kama tangazo.

Nikainjika uji. Nikasahau, nikawa natazama dirisha,
na mama, ambaye tangu asubuhi
hakuwa na neno lililokaa mahali pake,
akaunyoosha mkono ulio mzima kuelekea sufuria.
"Vuruga," akasema. "Vuruga, utashika chini."

Na ni kweli. Kabla halijawa neno la ghasia
lilikuwa neno la mwiko ndani ya chungu.
Sijui kama alilichagua au lilimponyoka.
Nilikoroga hata kiwiko kikauma,
uji ulishaiva zamani, naye akaniacha.

Kesho yake nikaandika:
*Maji yatakatika Jumatatu hadi Jumatano. Jazeni ndoo mapema.*
Bwana Mwakileo akaipindua karatasi, mbele, nyuma.
"Na lile neno?"
"Limo," nikamwambia.
"Fungua mfereji Jumatatu, utalisikia."

Ubeti wa tatu ungali kwenye droo,
mstari mmoja na nusu.
Mama siku nyingine huita chumvi chumvi,
siku nyingine huniita kwa jina la shangazi yangu, nami huitika.
Ubeti sijaumaliza. Kila nikishika kalamu
naitazama kwanza simu.