Skrubu ya Nane

Baba hakutaka mpya.
"Hii inanijua," alisema,
akaweka kiganja juu ya kifuniko chake
kama anayempima mtoto homa.
Miaka kumi na mitatu. Herufi A imefutika,
bawaba ya kushoto inalia,
na ukishaiwasha asubuhi
unaweza kusaga kahawa, kuichemsha ipande mara mbili,
kuinywa, kusuuza kikombe,
ndipo ikukaribishe.

Kutaisi, ghorofa ya nne, Januari.
Theluji inageuka mvua ikiwa bado hewani.
Baba alistaafu kituo cha hali ya hewa
ila mvua haijamstaafisha:
amekwisha kusoma kipimo chake pale roshani,
milimita sita na nusu,
na jedwali limegoma kufunguka.
Kiduara kinazunguka.
Kinazunguka.

Nikamwambia, si uzee, Baba, ni kumbukumbu ndogo.
Gigabaiti nne. Ni kama kufanya kazi nyingi
kwenye meza nyembamba.
"Meza ninayo," akanikata, akaigonga.

Basi nikaenda kwa Zaza, nyuma ya soko,
anayepima vifaa vya mitumba kwa kuvipuliza vumbi kwanza.
Nikarudi na kijiti cha kumbukumbu, gigabaiti nane,
na diski isiyo na kinachozunguka ndani,
nyepesi hata Baba akaitikisa sikioni,
akauliza kama nimeuziwa kasha tupu.

Tukailaza kifudifudi juu ya taulo.
Nikachomoa betri, nikashika bomba la joto
mwili uteme umeme wake.
Skrubu nilizifungua mimi, Baba akazipokea,
akazipanga katika trei ya mayai,
kila moja shimo lake, namba kwa penseli.
Ya nane haikuwepo.
"Tangu lini?"
Sikujua. Nikamwambia apeleke ya tisa mahali pake.
Alinitazama kama nimetukana.
"Tupu si sifuri, Maka.
Sifuri ni siku isiyonyesha.
Tupu ni siku ambayo hatukupima."
Akaliacha shimo wazi.

Kijiti huingia kwa mshazari,
ukikilaza vibanio vinakidaka: tak.
Sauti ndogo. Nilitarajia zaidi.

Kunakili kulichukua usiku kucha.
Diski kuukuu ikikwaruza, ikinyamaza, ikikwaruza,
na Baba kwenye kiti, blanketi magotini,
kama tuko wodini.
"Inakohoa," alisema saa nane.
Asilimia sabini na moja. Ikasimama hapo
dakika arobaini, mimi nikijutia
kila neno la ushujaa nililomwambia.
Yeye hakusema kitu. Aliishikilia kwa vidole viwili
isitetemeke juu ya mbao.
Sabini na mbili.

Asubuhi nikabonyeza.
Sekunde kumi na moja.
Mkono wake haujafika kwenye kopo la kahawa.
Akageuka, na usoni mwake sikuona furaha,
niliona mtu aliyefikiwa na mgeni kabla ya kufagia.

Jedwali likafunguka papo hapo.
Hakwenda kwenye mvua ya jana.
Alirudi nyuma, nyuma sana,
hadi majira ya baridi ya vita,
siku thelathini na nane, mstari chini ya mstari, bila namba.
Nilikuwa na miaka mitano. Nakumbuka mishumaa,
na kwamba Baba hakuwepo.
Alipokuwa, sikuwahi kuuliza.
Akazihesabu kwa kidole kwenye kioo.
"Zimehama zote," akasema.

Kisha akaandika 6.5, akahifadhi,
akasimama kusaga kahawa yake vilevile,
polepole, ipande mara mbili,
mashine ikiwa wazi mezani, imekwisha kuwa tayari,
inamngoja yeye.

Diski kuukuu iko kabatini, ndani ya leso.
Ukiinua kompyuta, pembe ile ya skrubu ya nane
hubonyea kidogo.
Zaza anazo skrubu za kila aina, debe zima.
Baba amenikataza.