Ya Thelathini na Sita

Kutaisi, Jumapili. Mto Rioni umenuna,
rangi yake chai iliyozidi maziwa.
Darajani vijana wamevua mashati.
Nazibrola ana mkanda mmoja,
na mkandani imebaki picha moja.

Mpwa wake Tornike haulizi zimebaki ngapi.
Kadi yake ina nafasi ya kumeza mji mzima,
paa kwa paa, pamoja na mbwa wake.

Malkhazi anapanda ukingo wa chuma.
Anajikuna goti. Anatazama nyuma
kama mtu aliyesahau ufunguo.
Tornike: tra-ta-ta-ta, mvua juu ya bati.
Nazibrola bado.
Kidole kimeatamia kitufe,
bado,
bado,
kisha kacha, mara moja.

"Umempata?"
"Sijui."
"Hujui?"
"Nitajua Alhamisi."

Tornike akacheka, akamwonyesha kiooni:
Malkhazi hewani mara ishirini na tatu,
kila kidole cha mguu na kivuli chake.
Nzuri, alisema Nazibrola, wala hakutania.
Ipi sasa?
Tornike akasogeza, akarudi, akasogeza,
mpaka chakula cha usiku kikapoa.

Alhamisi, chumba cha chini, harufu ya siki,
taa nyekundu kama jicho la asiyelala.
Karatasi nyeupe imezama dawani.
Haiji. Haiji. Inakuja:
nusu ya daraja, mbingu bila mtu,
na chini, majini,
duara ndani ya duara ndani ya duara.
Subira yavuta heri, husema watu;
safari hii ilivuta viwimbi.

Alikuwa karibu kuichana
Tsiala alipobisha, mama yake Malkhazi.
Alifuata ile ya Tornike, ampelekee mumewe
anayejenga maghorofa Gdańsk.
Aliipokea kwenye simu, akaituma papo hapo,
na jibu likarudi kabla hajafunga mkoba:
moyo, moyo, ngumi.

Ndipo akaiona ile mbichi
ikining'inia kwenye kibanio cha nguo.
Akaisogelea. Akavaa miwani.
"Hapa," akasema, "ndipo nilipobana pumzi.
Hapa bado sijui kama ataibuka."

Nazibrola hakumwuzia. Alimpa hivyo hivyo,
ikidondoka maji, wakaifunga kwa gazeti la juzi.

Tornike akapiga picha ya kile kifurushi.
Mara tisa.